Maji ya Kunywa Kabla ya Dhoruba

 Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa na kalamu iko mkononi. Leo tutakuwa na hesabu kidogo, lakini si ngumu.

Somo letu ni juu ya maji ya kunywa. Huenda mtu mmoja hapo nyuma anasema, "Maji tena! Sisi twajua kuweka maji." Kweli, mwajua. Hapana mtu wa Dar es Salaam asiyejua dumu. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua maji, mji uligawiwa maji kwa zamu, na watu walijaza madumu, ndoo na mapipa mpaka vyumbani. Lakini ule ulikuwa ukame. Wakati wa ukame shida yako ni kwamba maji hayapo. Wakati wa dhoruba maji yapo kila mahali: mlangoni, uani, barabarani. Yapo mengi, na hayafai kunywa. Kwa hiyo maji ya dhoruba lazima yawekwe kabla, tena yawekwe kwa namna yake.

Nitawapa kisa changu mwenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi waliokaa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Wakati ule mimi nilikuwa mwanafunzi, nakaa kwa shangazi yangu huko Kigogo. Shangazi ni mwanamke wa mpango. Alikuwa na madumu matatu ya maji ya kunywa, yamejaa, chini ya kitanda. Mawili yalikuwa na vifuniko vyake. La tatu lilizibwa kwa gunzi la hindi, kwa sababu kifuniko kilipotea, na aliyekipoteza ni mimi.

Usiku maji yaliingia ndani mpaka magotini. Asubuhi tulilitazama lile dumu la gunzi. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, tukayamwaga. Yale mawili yalikuwa yamefungwa vizuri, tukafurahi. Lakini midomo ya madumu ilikuwa na tope, na tope lile lilipita chooni kabla ya kufika kwetu. Kwa kiu tulimimina bila hata kufuta. Siku ya tatu mtoto wa mwisho wa shangazi alianza kuharisha. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini tangu siku ile, dumu la kunywa nyumbani kwangu haliwekwi sakafuni.

Sasa tutazame kwa nini maji huharibika. Nyumba nyingi za Mbagala, Tandale, Keko au Mwananyamala zina vyoo vya shimo. Mvua ikiwa kubwa, ardhi hushiba, shimo hujaa, na yaliyomo hutoka nje. Kisima kifupi kilicho karibu hupokea uchafu huo, hata kama juu kimefunikwa, kwa maana maji hupita chini katika mchanga. Hilo ni rahisi kulielewa. La bomba ni gumu zaidi, basi nisikilizeni vizuri. Maji yakiwa yanakuja kwa nguvu katika bomba, hata bomba likiwa na ufa, maji husukuma kwenda nje. Lakini umeme ukikatika, pampu husimama. Nguvu ndani ya bomba huisha, na maji machafu ya nje hupata njia ya kuingia kwa ufa ule ule. Ndiyo sababu maji ya kwanza yanayotoka baada ya mgao au baada ya gharika huwa na rangi na harufu. Yaache yatoke kwanza. Nguo yaweza kungoja.

Wala usidhani kipindupindu kinangoja masika. Mwezi wa Agosti mwaka 2015, wakati wa kiangazi, kilianza hapa Dar es Salaam, katika wilaya ya Kinondoni, kikaenea mikoa mingi. Kufika mwaka 2016 waliougua nchini walikuwa zaidi ya 20,000, na mamia walikufa. Ikiwa ugonjwa huu huweza kufanya hivyo wakati wa jua, fikiri juu ya wiki ile ambayo choo na kisima vimekuwa kitu kimoja.

Lini basi uanze? Pwani yetu haipigwi sana na vimbunga, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, lakini hatukusahauliwa. Kimbunga kiliipiga Unguja mwaka 1872, na Lindi mwaka 1952. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia, kikapungukiwa na nguvu. Hidaya hakikuja kwa ghafula: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kabla hakijafika. Mamlaka hiyo hutumia maneno matatu, nayo yafaa uyaandike katika daftari: *angalizo*, *tahadhari*, *tahadhari kubwa*. Ukisikia la kwanza, jaza maji. Usingoje la tatu, kwa sababu siku hiyo kila jirani atakuwa bombani, na mwenye boza atakuwa amepandisha bei.

Kiasi gani? Hapa ndipo kwenye hesabu. Mtu mmoja anahitaji lita 4 kwa siku za kunywa, kupikia na kusukutua kinywa. Kufua na kuoga hakumo. Weka ya siku 3 kwa uchache. Nyumba yako ina watu 6? Basi 6 mara 4 ni 24. Na 24 mara 3 ni 72. Dumu moja ni lita 20, kwa hiyo utahitaji madumu 4, na zitabaki lita 8 juu. Usizionee wivu zile 8. Mama anayenyonyesha hunywa zaidi, na mgonjwa hunywa zaidi ya wote.

(Mwalimu, ngoja kidogo. Kila mwanafunzi afanye hesabu ya nyumba yake.)

Chombo kiwe cha mdomo mwembamba na kifuniko cha kukaza. Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia lafaa, likioshwa kwa sabuni na kusuuzwa sana. Dumu lililokuwa na mafuta ya taa, petroli au dawa ya wadudu halifai hata ukiliosha mwaka mzima. Plastiki hunywa kitu kile na kukirudisha katika maji. Ukipata ndoo yenye koki, ni bora, kwa sababu hapana mkono unaoingia ndani. Na mtungi? Mimi naupenda mtungi, na maji yake ni baridi. Lakini utumie kwa maji ya leo tu. Mdomo wake ni mpana, na kila mtoto hutia kikombe chake humo.

Maji yenyewe yatakaswe kabla ya kufungwa. Mkiwa na kuni au mkaa wa kutosha, chemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kuchemsha huua vijidudu vilivyomo, lakini hakulindi maji baadaye. Kikombe kichafu kikiingia kesho, maji yamechafuka tena. Dawa ya klorini, ile ya vidonge inayouzwa madukani, hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda kwa muda. Kwa hiyo kwa maji ya akiba mimi nachagua vidonge. Kama maji ni ya tope, yaache yatuame, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, halafu ndipo utie kidonge. Ngoja nusu saa kabla ya kunywa.

Hapa kusoma kwenu kuna kazi. Vidonge si vya namna moja: kimoja ni cha lita 20, kingine cha kiasi kingine. Yameandikwa kwenye pakiti, na mwaweza kuyasoma. Msimwulize muuza duka, maana pengine yeye mwenyewe hakusoma.

Sasa mahali pa kuweka. Juu ya meza, juu ya matofali, juu ya kabati lililo imara, mbali na jua na mbali na mafuta ya taa. Kama nyumba yako iko bondeni, weka dumu moja kwa jirani aliye mlimani, nawe ukubali kumwekea lake siku nyingine. Andika tarehe juu ya dumu kwa kalamu ya wino mzito. Kisha sema nyumbani, kwa sauti ya mkubwa wa nyumba, kwamba madumu haya si ya kufulia. Bila neno hilo, siku ya tatu utakuta matupu, na kila mtu atasema si yeye.

Wakati wa kutumia, futa kwanza mdomo wa dumu kwa kitambaa safi chenye sabuni. (Mnajua nimejifunza wapi.) Mimina, usichovye. Ikibidi kuchota, tumia kata yenye mpini mrefu, nayo itundikwe, isiwekwe sakafuni.

Na mvua inyeshayo juu ya bati lako usiipoteze. Maji ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, yaache yaende. Baadaye kinga ndoo. Hayo ni ya kuoshea vyombo na mikono, na yakitakaswa ni ya kunywa pia.

Neno la mwisho ni juu ya mgonjwa. Mtu akiharisha, maji yale ya akiba ndiyo dawa yake ya kwanza. Chukua maji safi lita 1, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa, koroga. Mpe kidogo kidogo, hata akitapika ngoja kidogo umpe tena. Halafu mpelekeni zahanati bila kungoja mvua ikatike, hasa kama choo chake ni kama maji ya mchele.

Mwalimu, sasa waweza kuzima redio. Kila mwanafunzi aandike katika daftari mistari mitatu: nyumbani kwake wako watu wangapi, yanahitajika madumu mangapi, na yatawekwa juu ya kitu gani. Wiki ijayo kila mmoja aje na kifuniko kimoja cha dumu, tuone vingapi vinakaza na vingapi ni gunzi.