Matope ya Mto Yanavyopunguza Mwanga Baharini

Mwanga wa jua unapoingia baharini hupungua kadiri kina kinavyoongezeka. Mwanga mwekundu hufyonzwa katika mita chache za mwanzo. Wa buluu hufika mbali zaidi, lakini chini ya mita 200 hautoshi tena mimea kujitengenezea chakula. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi huupinda mwanga huo, na povu hurudisha sehemu yake angani. Wakati wa masika, Mto Rufiji humwaga matope yanayouzuia zaidi karibu na pwani, hivyo nyasi bahari na matumbawe, ambamo samaki huzaliana na kukulia, hudhoofika. Kwa hiyo, mwananchi anayetunza mikoko na kingo za mito analinda pia mwanga unaoilisha bahari na kumpatia kitoweo.