MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Jinsi ya kulinda uwanja wa mali ya biashara huko Nawoitorong na kwingineko

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa mara nyingi na wenye maduka, lakini walio wachache ndio waitumiao. Leo twataka kuitazama kwa makini, kwa sababu inawahusu hasa wale wanaoweka bidhaa zao uwanjani, chini ya jua, wala si ndani ya ghala lenye kuta na paa.

Msafiri atokaye Kitale huenda karibu kilomita 300 kabla ya kuufikia mji wa Lodwar. Anapokaribia mji hufika Nawoitorong, mahali panapojulikana kwa nyumba ya wageni inayoendeshwa na chama cha akina mama. Mji wenyewe si kituo kidogo tena kama ulivyokuwa katika miaka ya 1930, wakati wachuuzi wa kwanza, wakiongozwa na Shah Mohamed, walipofungua maduka karibu na mto Turkwel. Tangu mwaka 2013 Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na ujenzi wa ofisi, shule na nyumba umeongezeka. Tena, mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Uchunguzi wa tawi moja la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 katika kambi hiyo.

Biashara zote hizi zahitaji mahali pa kuweka bidhaa. Katika nchi ambayo mvua yake kwa mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, mfanyabiashara huona si lazima kujenga ghala kubwa. Saruji huiweka chini ya paa, lakini nondo, mabati, mbao, mabomba na matangi ya maji huviacha nje. Jambo hilo si baya, kwani ghala ni ghali. Lakini mali iliyo nje huonekana na kila apitaye, na ikiibwa haipatikani tena kwa siku moja. Itabidi lori litoke tena Kitale au Eldoret, na mteja aliyekwisha kulipa atangoja huku fundi wake amekaa bure.

ZILIKUWA NGAPI?

Tuchukue mfano. Mtu mmoja amekodi uwanja, akauzungushia ua mrefu wa mabati, na juu yake akatandaza seng'enge. Amenunua kufuli kubwa, akaajiri mlinzi wa usiku, kisha akalala usingizi mzuri. Baada ya miezi mitatu anakuja mteja kutaka nondo, naye mwenye mali anaona kwamba rundo limepungua. Ua hauna tundu, wala kufuli halikuvunjwa. Mara moja anapaaza sauti kwamba mlinzi ni mwizi.

Mzee jirani, mfugaji wa siku nyingi, anasikia kelele na kuja.

"Mwanangu, zilikuwa ngapi?" anauliza.

"Nyingi, mzee. Lori zima."

"Na ulizokwisha kuuza je?"

"Sikumbuki zote. Nyingine alichukua fundi kwa mkopo."

"Basi umejuaje kwamba umeibiwa?"

Mwenye mali hana la kujibu. Mzee anamwambia: "Mimi nina mbuzi, na boma langu ni la miiba tu. Lakini jioni wanaporudi natazama, na asipokuwapo mmoja najua ni yupi, rangi yake, pembe zake na mama yake. Boma lako ni zuri kuliko langu, lakini huwajui mbuzi wako."

Maneno ya mzee huyu ndiyo kiini cha shauri letu. Ua humchelewesha mwizi, lakini hauwezi kumwambia mwenye mali kwamba ameibiwa. Tena mali ya uwanjani haiibwi usiku tu kwa kuruka ua. Nyingi hutoka mchana, kwa kupitia langoni, ikipakiwa na watu wanaojulikana: mteja alipia kumi, akapakiwa kumi na mbili, dereva aletaye mabati 100 hushusha 96, na karani hutia sahihi bila kuhesabu. Kikulacho ki nguoni mwako.

KUIPA MALI USO

Waturuki wa zamani, Waajemi na Warumi walitia chapa mali zao. Na Waturkana wenyewe hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mtu wa mbali. Kwa lugha yao neno emacharit ni ukoo, na pia ni alama ya ukoo inayotiwa kwenye ngozi ya mnyama. Ng'ombe akipotea mbali, alama husema ni wa nani.

Nondo haina pembe wala rangi ya kuitambulisha, na bati hufanana na bati jingine. Kwa hiyo yafaa mwenye mali aipe uso. Achague rangi moja au mbili ambazo majirani hawazitumii, apake ncha za nondo na mabomba, na ukingo wa mbao. Matangi na mashine apige alama kwa chuma cha moto au kwa patasi, mahali pasipoonekana upesi, kisha aandike nambari zake. Kazi ya asubuhi moja na kopo la rangi yaweza kuokoa mali ya mwaka mzima, kwa sababu polisi wakikuta nondo mahali pengine, ataweza kuonyesha kwamba ni zake.

Baada ya alama, daftari. Liwe na sehemu tatu: mali iliyoingia, mali iliyotoka na iliyobaki. Kila lori lihesabiwe kabla ya kutia sahihi, hata kama dereva ana haraka. Kila mzigo utokao uwe na cheti cha lango, na bawabu auhesabu tena kabla ya kufungua. Aandikaye stakabadhi asiwe yule yule apakiaye. Mara moja kwa juma mwenye mali ahesabu mwenyewe, na siku ya kuhesabu ibadilike.

Ili kazi hiyo iwe rahisi, mali ipangwe vizuri. Nondo zifungwe kumi kumi, na mabati yapangwe kwa idadi iliyo sawa. Rundo lililopangwa hivyo likipunguzwa, jicho hutambua kabla hata ya kuhesabu.

UA, LANGO NA TAA

Hatusemi kwamba ua hauna kazi. Twasema ujengwe kwa akili. Usiweke mali karibu na ua, kwani rundo la mbao ni ngazi kwa mwizi. Acha nafasi tupu ya hatua tatu au nne ndani, na nje ufyeke vichaka. Mathenge, ule mti wa miiba ulioenea sana kando ya mto Turkwel, hutoa miiba mizuri ya kuzungushia ua, lakini ukiachwa usitawi karibu na uwanja huwa maficho. Afadhali ua ambao mlinzi na jirani wanaweza kuona kupitia kwake kuliko ukuta mrefu unaomficha mwizi akiisha kuingia.

Lango liwe moja. Wengi hununua kufuli ghali na kusahau bawaba. Lango lililotundikwa juu ya bawaba mbili zinazotazama juu huweza kuinuliwa na watu wawili likang'oka, na kufuli likabaki limefungwa. Mwambie fundi aigeuze bawaba ya juu itazame chini, au achomee kipande cha chuma juu yake, nalo halitainuka. Mnyororo mwembamba nao hukatwa kwa urahisi. Komeo nene ni bora, na kufuli likae ndani ya kisanduku cha chuma kinachoruhusu mkono wenye ufunguo tu.

Vitu vidogo vya bei kubwa, kama nyaya za umeme, pampu na vyombo vya mafundi, visilale nje kamwe. Viwekwe ndani ya kontena la chuma, na mlango wake uelekee lango, usielekee gizani.

Taa za nguvu za jua zafaa sana katika nchi yenye jua kama Turkana. Lakini vumbi huziba vioo vyake na taa hufifia, basi zipanguswe mara kwa mara. Nazo pia huibwa. Zifungwe juu ya nguzo ndefu. Kamera ni shahidi mzuri, lakini haimkamati mtu. Na mwenye kuitumia abandike tangazo, kwa kuwa sheria ya mwaka 2019 hulinda habari za watu, hata picha zao.

MLINZI NI MTU

Mlinzi asiyelipwa kwa wakati, asiye na maji, tochi wala simu, halindi kitu. Mpe kibanda kinachoona lango, na daftari lake la zamu. Asubuhi na jioni mali ihesabiwe mbele ya aingiaye zamu na atokaye, nao wote wawili watie sahihi. Ukitumia kampuni ya ulinzi, uliza kama imeandikishwa, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa binafsi. Vile vile ujuane na majirani na wazee wa Nyumba Kumi, kwa maana jirani anayejua ni saa ngapi lori lako hupakia atashuku lori linalopakia saa nane za usiku.

Wizi pia hauwezi kudumu bila mnunuzi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi wa vyuma awe na leseni na aweke kumbukumbu za ununuzi wake. Mwezi Januari 2022, baada ya kuangushwa kwa nguzo za umeme karibu na Nairobi, serikali ilisimamisha biashara hiyo nchini kote hadi mwezi Mei. Anayepokea mali ya wizi huku akijua aweza kufungwa hadi miaka 14, hali adhabu ya kawaida ya wizi ni hadi miaka mitatu. Kwa hiyo ukiletewa nondo kwa nusu ya bei, jiulize zimetoka wapi.

DAFTARI HUMLINDA PIA ASIYE NA HATIA

Tumesema mengi juu ya mali. Tumalize kwa kusema juu ya watu. Mali ipoteapo bila hesabu, lawama huenda kwa mnyonge: mlinzi maskini, kijana mchunga mbuzi aliyepita hapo, mtoto aokotaye vyuma, au mkimbizi aliyekuja kutafuta kibarua. Wengine wamepigwa na makundi ya watu wenye hasira kabla ya mtu yeyote kuuliza kilichopotea ni nini.

Mwenye daftari hana haja ya kupiga kelele. Huenda kituo cha polisi, taarifa yake ikaandikwa katika Kitabu cha Matukio, akapewa nambari. Ataeleza ni nini kilichopotea, idadi yake, alama yake, na kati ya zamu ipi na ipi. Huenda hata akakuta kwamba hakuibiwa, bali fundi alichukua kwa mkopo na haikuandikwa.

Ukiwa na uwanja, basi, usianze kwa kununua seng'enge. Nunua daftari na kopo la rangi, uhesabu leo kabla ya jua kuchwa. Kesho ukiulizwa swali la yule mzee, uwe na jibu.