Juhudi ya mchimbaji hainunuliwi kwa mshahara peke yake

Oktoba 2007 wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu, Kahama, waligoma wakidai maslahi bora. Mwajiri, Barrick, akasema mgomo haukufuata sheria, na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kweli mgogoro upitie usuluhishi kwanza, kisha itolewe notisi ya saa 48. Kinachonisumbua ni kipindi cha kabla ya mgomo. Watu wengi kiasi hicho hawakasiriki kwa siku moja.

Mchimbaji wa chini ya ardhi hamwoni meneja mkuu. Kwake uongozi ni msimamizi wa shifti, na kikao kile kifupi cha kabla ya kushuka. Msimamizi akisoma tahadhari harakaharaka na kufunga daftari, watu wataitikia "sawa, bosi" na kushuka. Akiuliza nani jana aliona mwamba umelegea, na kesho yake akaeleza kilichofanyika, wataanza kumwambia mambo yasiyoandikwa kwenye ripoti yoyote. Hata "fedha bado" ni jibu. Kimya ndicho kinachovunja moyo wa kazi.

Tazama maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Mara nyingi hakuna mkataba wala bima, na mwamba usipotoa kitu mtu anarudi mikono mitupu. Lakini vijana hushinda shimoni, kwa kuwa mgawo wa mifuko ya mawe hukubaliwa mapema na mifuko huhesabiwa mbele yao. Sisemi migodi mikubwa iige hatari ile, hata kidogo. Iige uwazi ule: bonasi ikokotolewe kwa hesabu anayoielewa aliyeitolea jasho.

Kahama inajua pia kazi inavyokatika. Mwaka 2017, baada ya serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi, kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha mgodi wakati huo, ilipunguza shughuli Bulyanhulu na watu wengi wakarudi nyumbani. Mwaka 2021 uzalishaji wa mgodi mwingine wa Kahama, Buzwagi, ukafikia mwisho, na sasa eneo lake linaandaliwa kwa viwanda. Waajiri watakaokuja hapo watakutana na watu waliokwisha kupunguzwa kazi mara moja au mbili. Mabango ya motisha ukutani hayatawasisimua. Watauliza kwanza mkataba unaisha lini, na mambo yakibadilika ni nani atakayekuja kuwaambia.