Geti Isikule Vina

Saa nane usiku ndio taimu ya kurekodi ukikaa ploti za Umo. Nganya zimepungua, watoi wamelala, mathe wa hapo chini amezima redio. Msee wangu akasimama mbele ya maiki, blanketi mbili zimening'inia nyuma yake, akachana vesi moja noma sana. Kurudisha nyuma tuskize: friji ya jirani, feni ya laptopu, mbwa wa gate.

Nikatupia geti, plagini ya kukata kelele. Hiyo kitu ni kama soja wa ploti. Sauti ikifika kimo umemwambia, anafungua. Ikishuka, anafunga, kelele inabaki nje. Keja ikawa kimya, tukagotana.

Manze, kuskiza tena, "mtaani" imekuwa "mtaa". "Chapaa" imekatwa shingo. Geti ilikuwa inafunga mapema, na kwa Sheng, sawa na Kiswahili, maneno mob huishia na irabu, na vina zinakaa hapo hapo mwisho. Mistari yote ya huyu msee ilikuwa inakufa mlangoni. Nikavuta rilisi, ule muda geti huchukua kufunga, kutoka milisekunde 30 hadi 200, nikashusha kimo, na badala ya geti kufunga kabisa nikaiacha ipunguze desibeli 10 pekee. Friji ikaskika kwa umbali, lakini vina zikarudi. Mimi hapo sibishani: heri friji.

London, 1979, kuna wasee walikata sauti kwa kupenda. Hugh Padgham alikuwa anarekodi albamu ya tatu ya Peter Gabriel pale Townhouse, Phil Collins kwa drums. Mixer yao ya SSL ilikuwa na maiki ya kuskia wasanii wakiongea, yenye kompresa kali vibaya. Collins akapiga ikiwa wazi, chumba chote kikalipuka. Wakaweka geti, mwangwi ukakatika ghafla. Mwaka wa 1981 hiyo sound ikabeba "In the Air Tonight", na ngoma kibao za miaka ya themanini zikaifuata.

Kompresa nayo ni ya msee anayenong'ona mstari mmoja, wa pili anapiga nduru. Ukiweka reshio ya 4 kwa 1, sauti iliyopita kimo na desibeli 8 inatoka imepita na 2. Halafu unapandisha yote, na nong'ono inaskika hadi ndani ya nganya. Shida ni moja: ukipandisha sauti, friji nayo inapanda. Ndio maana blanketi kwa ukuta inashinda plagini za doh mingi.

Ataki, ule muda kompresa huchukua kabla ibonde sauti, ndio wasee huiroga. Ukiishusha chini ya milisekunde 1, zile "k" na "t" zinazopea Sheng makali zinabondwa kabla zitoke. Anza na 10, skia, ndio uguse.

Na usifinye ngoma nzima mpaka wimbi likae kama tofali. Spotify kwa kawaida inasawazisha ngoma karibu na LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti. Yako iliyofinywa itashushwa tu, na kick iliyobondwa hairudi.

Leo usiku fungua ngoma yako ya mwisho, zima biti, vaa hedifoni, ufuate silabi ya mwisho ya kila mstari. Ukiskia imekatika, rudi kwa geti uifungue.