Kuwahesabu Samaki wa Ziwani

Ziwa halihesabiki kwa macho, wala hakuna serikali iwezayo kulikausha ili ijue limebeba samaki wangapi. Walakini idadi hiyo haina budi kutafutwa, kwani kwayo ndipo huamuliwa nyavu zipi ziruhusiwe na uvuvi usimamishwe lini. Njia mojawapo hunasibishwa na C. G. Johannes Petersen wa Denmark, aliyewatia alama samaki wa jamii ya gayogayo katika maji ya Limfjord mwishoni mwa karne ya 19. Huvuliwa samaki, tuseme 200, wakatiwa alama na kurudishwa majini wakiwa hai. Wakiisha kuchanganyika na wenzao, huvuliwa wengine 150, na ikiwa 10 kati ya hao wana alama, yaani mmoja katika kila 15, basi jumla ya samaki hukadiriwa kuwa 3,000. Mwaka 1938 Zoe Emily Schnabel, wa Marekani, alieleza namna ya kukadiria kwa kurudia uvuvi huo mara nyingi.

Kazi yenyewe yataka mikono ya upole. Mtia alama hulowesha viganja kwanza, maana mkono mkavu humwambua samaki ule ute umkingao na maradhi. Kisha humweka katika beseni la maji yenye matone ya mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba, ambayo humlewesha hata akalala ubavu, ndipo kijiuzi chenye nambari kikachomekwa chini ya pezi la mgongo.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, ni alama zipoteazo. Katika mfano wetu, 5 kati ya zile 10 zikiwa zimedondoka, ziwa lile lile litaandikwa daftarini kuwa na samaki 6,000, na watu wataruhusiwa kuvua riziki isiyokuwapo. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni pana mno kwa njia hii pekee, na huko wataalamu hupeleka sauti majini kwa chombo na kupima mwangwi wake. Bali penye alama, mvuvi aitupaye kwa kuogopa maswali huiharibu hesabu sawasawa na uzi uliokatika. Ndiyo sababu mahali pengi hutolewa bakshishi kwa kila alama irudishwayo pamoja na habari za siku na mahali samaki alipovuliwa.