JE, WANADAMU HUJIFUNZA KWA YALIYOPITA?
Ibra ya maji ya Barker



Siku za Jumamosi na Jumapili, hali ya hewa ikiwa njema, wengi wetu tunaokaa Katy na sehemu za jirani huwachukua watoto kwenda kucheza mpira katika viwanja vya George Bush Park. Tunatandika mikeka, tunafungua vikapu vya sambusa na chupa za chai, na watoto wanakimbia mpaka jua linakuchwa. Ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba mahali pale, kwa hesabu ya wahandisi, ni chini ya ziwa. Bustani ile imo ndani ya Bwawa la Barker. Lile tuta refu la udongo lililoota majani, ambalo mgeni hulidhani kilima, ndiyo kingo ya bwawa lenyewe. Siku nyingi za mwaka bwawa hilo huwa kavu, lakini halikujengwa ili liwe kavu daima.

Tumeanza na jambo hili kwa sababu swali tunalotaka kulizungumza mwezi huu ni kongwe, nalo huulizwa mara nyingi katika vikao vyetu: je, jamii za wanadamu hujifunza kwa yaliyowapata waliotangulia, au kila kizazi hurudia makosa yale yale? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa kutaja vita na wafalme wa nchi za mbali. Sisi tunaona kwamba jibu lake liko karibu mno na milango yetu.

MJI ULIOJIFUNZA, KISHA UKASAHAU

Mwaka 1929, na tena Desemba 1935, mto wa Buffalo Bayou ulifurika ukaingia katikati ya mji wa Houston. Watu walikufa, maduka na maghala yakazama, na wakuu wa mji wakatambua kwamba hali hiyo haivumiliki. Mwaka 1937 Kaunti ya Harris ikaundiwa idara yake ya kuzuia mafuriko. Kisha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikajenga mabwawa mawili ya udongo katika mbuga zilizo magharibi ya mji: Barker, lililokamilika mwaka 1945, na Addicks, lililokamilika mwaka 1948. Kazi yake ilikuwa moja tu: mvua kubwa ikinyesha, maji yazuiliwe huko mbugani, kisha yaachiwe kidogo kidogo ili mji usalimike. Hapo basi, tuseme kwa haki, watu walijifunza.

Lakini tuangalie yaliyofuata. Kwa upande wa Barker, serikali ilinunua ardhi iliyofikia kimo cha kiasi cha futi 95 juu ya usawa wa bahari, ilhali bwawa lilijengwa kwa namna ambayo maji yake yaweza kupanda zaidi ya futi 100. Ardhi iliyobaki kati ya vimo hivyo viwili ilikuwa ya mashamba ya mpunga na malisho ya ng'ombe, na hakuna aliyeona haja ya kuilipia. Mpunga hauogopi maji, na ng'ombe huweza kuswagwa.

Miaka ikapita. Wale waliouona mji umezama wakazeeka na kufariki. Houston ikatanuka kuelekea magharibi, mashamba ya mpunga yakauzwa, na mahali pake pakajengwa mitaa mizuri yenye miti na mabwawa ya kuogelea, yakiwamo majumba ya Cinco Ranch na Canyon Gate. Si kwamba hakuna aliyejua. Kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya ramani za viwanja zilizosajiliwa katika Kaunti ya Fort Bend zilikuwa na maneno machache ya kutahadharisha kwamba mtaa huo unapakana na Bwawa la Barker na waweza kufunikwa na maji. Maneno hayo yaliandikwa mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hafiki. Dalali hakuyasoma kwa sauti, na mnunuzi hakujua kwamba yapo.

Mwezi wa Aprili 2016 mvua kubwa ililijaza bwawa kwa kiwango ambacho hakikupata kuonekana kabla ya hapo. Hilo lilikuwa onyo. Kisha tarehe 25 Agosti 2017 kimbunga Harvey kikatua katika pwani ya Texas, na mvua ikanyesha siku baada ya siku, hata baadhi ya sehemu zikapata zaidi ya inchi 50. Maji ya Barker yakapanda mpaka kiasi cha futi 101 na nusu. Maelfu ya nyumba zilizo nyuma ya mabwawa hayo mawili yakaingiwa na maji, si kwa sababu bwawa lilivunjika, bali kwa sababu lilifanya kazi yake kama lilivyokusudiwa. Tarehe 28 Agosti milango ilipofunguliwa ili kupunguza maji, maelfu ya nyumba zilizo upande wa pili, kandokando ya Buffalo Bayou, nazo zikafurika. Katika siku zile misikiti ya Houston ilifungua milango yake kuwapokea waliokimbia makwao, Waislamu na wasio Waislamu, na hilo ni jambo tunalolikumbuka kwa shukrani.

Nyingi ya nyumba zilizo nyuma ya bwawa hazikuwamo katika maeneo ya hatari yaliyochorwa katika ramani za bima. Kwa hiyo wenyewe hawakulazimishwa kuwa na bima ya mafuriko, na wengi hawakuwa nayo. Walipokwenda mahakamani, Jaji Charles Lettow wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho aliamua, Desemba 2019, kwamba serikali inawajibika, kwa kuwa iliitumia ardhi ya watu kuhifadhi maji yake bila ya kuilipia. Hukumu hiyo ilikuja zaidi ya miaka 70 baada ya bwawa kukamilika.

SI KATY PEKE YAKE

Asije mtu akadhani kwamba haya ni ya Wamarekani tu. Sisi tuliotoka Dar es Salaam tunalijua bonde la Msimbazi na uwanja wa Jangwani. Mpango Mkuu wa mji wa mwaka 1979 ulikwisha kulitaja bonde hilo kuwa ardhi ya hatari. Hata hivyo watu walijenga, kwa sababu ni karibu na Kariakoo na maskini hana pa kwenda. Desemba 2011 mafuriko yakaua watu zaidi ya 40. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na mji na mbali na riziki zao, na si wachache waliorejea bondeni. Baadaye, papo hapo Jangwani, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, nayo ikafurika mara kwa mara. Ilipofika mwaka 2022 ndipo Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde lile. Hapa kosa halikuwa la wajinga wasiosoma, maana hata waliosoma na wenye vyeo walijenga katika njia ya maji.

Wala si jambo la zama hizi tu. Kila mmoja wetu amesikia chuoni habari za watu wa Saba, walioneemeka kwa bustani zao na bwawa lao la Maarib, wakaghafilika, na mwisho wao ukaja kwa maji yale yale yaliyokuwa chanzo cha neema yao. Qur'ani Tukufu haikutusimulia habari hizo ili kutupumbaza.

WALIOJIFUNZA KWELI

Hata hivyo hatutaki msomaji akate tamaa, kwa sababu wako waliojifunza. Tusafiri mpaka Galveston, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka kwetu. Kulikuwa na bandari nyingine katika pwani hiyo hiyo ya Texas, jina lake Indianola. Kimbunga cha mwaka 1875 kiliivunja, ikajengwa upya. Cha mwaka 1886 kikaimaliza, watu wakaihama. Watu wa Galveston waliona, na baadhi yao wakashauri kwamba mji wao ujengewe ukuta wa kuzuia bahari. Ukuta haukujengwa. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa kituo cha hali ya hewa mjini humo, aliandika gazetini kwamba hofu ya kimbunga kuuangamiza mji huo haina msingi. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari ikapanda juu ya kisiwa. Waliokufa hawapungui 6,000, na wako wanaosema ni maradufu ya hao. Miongoni mwao alikuwamo mke wa Cline mwenyewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na Galveston walijenga ukuta kwa maana halisi ya neno. Sehemu ya kwanza, yenye kimo cha futi 17, ilikamilika mwaka 1904. Kisha wakauinua mji wenyewe: majumba zaidi ya 2,000 yalinyanyuliwa kwa jeki, na chini yake ukajazwa mchanga. Kilipokuja kimbunga kingine kikubwa mwaka 1915, mji ulisimama.

Tazameni basi tofauti. Mwaka 1886 Galveston walikuwa na habari. Baada ya 1900 walikuwa na ukuta. Habari hukaa vichwani, na vichwa huzikwa. Ukuta hubaki hata mjukuu asiyejua kwa nini ulijengwa akalindwa nao. Na sheria nzuri ni kama ukuta. Februari 2011 baridi kali ilizima mitambo ya umeme hapa Texas, na mwaka huo huo ripoti ikatoka ikishauri mitambo ikingwe. Ilikuwa nasaha tu, na wengi hawakuifuata. Februari 2021 baridi ikarudi, mamilioni wakakaa gizani kwa siku kadhaa, na kwa hesabu rasmi ya jimbo watu 246 wakafariki. Baada ya hapo ndipo nasaha ilipogeuzwa kuwa sheria.

Kwa mtazamo wetu, basi, jamii hazijifunzi kwa kuujua msiba. Hujifunza pale tu zinapoligeuza somo kuwa kitu kinachosimama chenyewe: ukuta, sheria, au desturi wanayolelewa nayo watoto. Pasipo hayo, somo hudumu umri wa yule aliyelowa.

FUNGU LETU SISI WAGENI

Sasa tujiulize: jambo hili linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Katika kijiji cha kwetu, akitokea mtu kutaka kujenga bondeni, yuko mzee atakayemwambia: mwanangu, hapo maji yalipita mwaka fulani. Hapa hatuna mzee huyo. Tumefika tukakuta nyumba zimepakwa rangi na majani yamekatwa, tukaamini tulichokiona. Tumekuja na kumbukumbu za Unguja, Mombasa, Lamu na Bukavu. Kumbukumbu ya ardhi tunayoilalia hatunayo. Basi hatuna budi kuitafuta.

Kwa bahati njema, baadhi ya sheria zimeturahisishia. Tangu Septemba 2019 anayeuza nyumba katika Texas anatakiwa aeleze kwa maandishi kama nyumba imepata kuingiwa na mafuriko, na kama imo ndani ya eneo linaloweza kufunikwa na maji ya bwawa. Tangu Januari 2022 mwenye nyumba anatakiwa amwambie mpangaji kama nyumba imo katika eneo la mafuriko, na kama imefurika katika miaka mitano iliyotangulia. Ndugu zetu wengi ni wapangaji, na karatasi hiyo huwekwa katikati ya karatasi nyingine nyingi. Tusitie saini kabla ya kuisoma. Asiyejua Kiingereza na asomewe na mwanawe, bila ya haya.

Jambo jingine: tusidanganyike na jina la "mafuriko ya miaka mia". Maana yake si kwamba yakija leo hayatarudi mpaka miaka mia ipite. Maana yake ni fungu moja katika mia kila mwaka; na mwenye kukaa miaka 30 katika nyumba kama hiyo, uwezekano wa kuyaona ni zaidi ya robo.

Tena baadhi yetu, kwa kuepuka riba, wamejinyima miaka mingi wakanunua nyumba kwa fedha taslimu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini wajue kwamba benki humlazimisha mkopaji aliye katika eneo la hatari kuchukua bima ya mafuriko. Asiyekopa hana wa kumlazimisha wala wa kumkumbusha. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Kuhusu hukumu ya bima katika dini, tuwaulize mashekhe wetu, lakini tuwaulize mapema, kwa sababu bima ya mafuriko ya serikali kwa kawaida haianzi kufanya kazi mpaka zipite siku 30. Hakuna kimbunga kinachotoa taarifa ya siku 30.

Mwisho, tuwasimulie watoto. Walio na umri wa miaka saba au minane leo hawakumwona Harvey. Kwao ni jina tu, kama Indianola lilivyo jina kwetu. Tutakapokwenda tena viwanjani, tuwapandishe juu ya lile tuta, tuwaonyeshe upande wa maji na upande wa mji, na tuwaambie maji yalifika wapi. Wao ndio watakaonunua nyumba miaka 20 ijayo, na dalali hatawaambia.

Kuuliza si ujinga. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuzingatia. Amin.