Takwimu za Chini ya Karabai

Sheria ya Kupinga Ushoga iliyotiwa saini nchini Uganda mwezi Mei 2023 iliamsha upya, ng'ambo ya Ziwa Viktoria na huku, hoja ya zamani iliyovikwa joho la sayansi: kwamba wapenzi wa jinsia moja ni walevi na watumiaji wa dawa za kulevya kwa kiwango cha kutisha, na kwamba takwimu zimekwisha kulithibitisha jambo hilo. Maadili na sheria vina wasemaji wake wengi na havitaguswa hapa. Kinachostahili kuchunguzwa ni takwimu zenyewe, kwa maana mojawapo ya zile zilizonukuliwa kwa muda mrefu, isemayo kuwa takriban theluthi moja ya watu hao wana tatizo la ulevi, ilitokana na ripoti ya Lillene Fifield iliyoandikwa Los Angeles mwaka 1975, ambayo kwa sehemu kubwa iliwahesabu watu wa baa.

Wavuvi wa dagaa wa Igombe na mialo mingine ya Ilemela, Mwanza, wangeing'amua kasoro hiyo upesi. Usiku wa giza huwasha karabai, au taa za sola ambazo siku hizi zinaipokonya karabai kazi, wakaziweka juu ya maboya na kusubiri dagaa wajikusanye chini ya mwanga, ndipo wavu ushushwe. Mbalamwezi ikiwa pevu hupumzika, kwa kuwa mwanga ukienea ziwa zima dagaa hawana sababu ya kusongamana mahali pamoja. Hakuna mvuvi atakayepima wingi wa dagaa waliozunguka taa yake, akauzidisha kwa eneo lote la ziwa, kisha akatangaza kuwa maji yamejaa dagaa tele kutoka Mwanza hadi Kisumu. Mtafiti anayewatafuta wahojiwa wake baa amewasha karabai yake, na mwanga wa karabai hiyo ni pombe.

Ukubwa wa kosa hilo hukokotoleka, na hapo ndipo penye uhondo. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kuwa Kiseke kuna wateja 1,000 wa baa, ambao 100 kati yao huenda kila usiku na 900 waliobaki huenda mara moja tu katika siku 30. Mtafiti akiingia usiku mmoja atawakuta wale 100 wote, lakini kati ya wale 900 atawakuta 30 tu, yaani jumla ya watu 130, na asilimia 77 ya hao watakuwa wa kila usiku, ingawa miongoni mwa wateja wote wao ni asilimia 10. Hakuna aliyedanganya wala aliyekosea kujumlisha, na hata zoezi likirudiwa katika baa 50 zenye wateja wa namna hiyohiyo, jibu litakuwa lilelile, ila litatangazwa kwa kujiamini zaidi. Wanatakwimu hukiita kitu hiki upendeleo wa sampuli, jina lisiloridhisha kwa sababu humfanya msomaji adhani kuna mtu aliyependelewa kwa makusudi. Mwegemeo wa sampuli lingefaa zaidi. Dawa yake ni uzito: mhojiwa anayefika mara moja katika siku 30 huhesabiwa kama watu 30, wa kila usiku huhesabiwa kama mmoja, na 30 mara 30 huwarudisha wale 900 waliopotea.

Kanuni hiyohiyo imo katika njia aliyoieleza mwanasosholojia Mmarekani Douglas Heckathorn mwaka 1997 ya kuwafikia watu wanaojificha kwa mnyororo wa kuponi, ambapo kila mhojiwa huwaalika wenzake wachache, na mwenye marafiki wengi hupunguziwa uzito kwa kuwa kuponi ina njia nyingi za kumfikia. Ilitumika Unguja mwaka 2007 kwa wanaume 509 wanaofanya mapenzi na wanaume, na makadirio yakawa kwamba takriban 14 kati ya kila 100 walikuwa wakijidunga dawa za kulevya.

Lipo kosa jingine la aina ya lile la baa. Mwaka 1994 Paul Cameron, mwanasaikolojia ambaye chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilikuwa kimemfuta uanachama mwaka 1983, alichapisha pamoja na wenzake hesabu ya umri wa kufa iliyotokana na tanzia za magazeti ya wapenzi wa jinsia moja, nayo ikaangukia karibu miaka 40. Tanzia haimtaji aliye hai, na jumuiya iliyoanza kujitokeza hadharani juzijuzi ina vijana wengi, kwa hiyo hata wafu wake watakuwa vijana. Ndiyo maana huko Kisesa, kata ya wilaya ya Magu, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuwa wakizipitia kaya kwa awamu tangu 1994 na kugawanya vifo kwa miaka-watu, yaani jumla ya miaka ambayo wote, wafu kwa wazima, waliishi wakiwa wanafuatiliwa.

Tafiti bora zikikusanywa, tofauti haitoweki bali hupungua. Uchambuzi wa Michael King na wenzake wa mwaka 2008 ulikuta utegemezi wa pombe na dawa miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja ukiwa kama mara 1.5 ya ule wa watu wengine, na kwa wanawake zaidi ya hapo. Kama kiwango cha kawaida ni 4 kati ya 100, mara 1.5 yake ni 6, na wale 94 waliobaki hawasikiki katika hotuba yoyote. Chanzo cha tofauti hiyo, ambacho watafiti wengi hukihusisha na unyanyapaa, ni suala jingine.

Nchini Tanzania, ambako upande wa Bara kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu hulifanya tendo la ngono baina ya wanaume kuwa jinai, dodoso la mlangoni haliwezi kutarajia jibu la kweli, hivyo takwimu za ndani hutoka kliniki na katika minyororo ya kuponi. Hata ile ya Unguja hujibu swali moja tu: kati ya wanaume hao, wangapi hujidunga. Anayeigeuza na kusema kuwa 14 kati ya kila wajidungaji 100 ni mashoga amebadilisha kigawanyo, kwani wajidungaji wa Unguja walihesabiwa mwaka huohuo katika utafiti mwingine, kwa mnyororo wao wenyewe.